Wali wa Kufunikiwa Nailoni

Kipigo cha kwanza ninachokikumbuka kilitokana na andazi ambalo halikuingia mdomoni mwangu. Sikuwa nimeanza hata darasa la kwanza. Asubuhi hiyo baba aliinua kawa, akaona maandazi yamepungua, akanitazama mimi. Hakuuliza. Kaka yangu, mkubwa wangu kwa miaka minne, alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha uani na midomo inamng'aa kwa mafuta, lakini kaka alikuwa mwembamba kama ufito na hakuna mtu aliyewahi kuushuku ufito. Baba alichomoa henzirani iliyokuwa ikichomekwa juu ya mlango, akanishika mkono mmoja, akawa ananizungusha uani huku akinichapa mapajani mpaka nikajikojolea. Alipochoka akanibana nyama ya tumbo kwa vidole viwili, akamwonyesha mama, akasema ushahidi si huu hapa.

Mwili wangu ndio uliokuwa ukinishitaki kila siku. Nilinenepa tangu nikitambaa. Mama anasema nilipopelekwa kliniki kupimwa, wanawake wenzake walimpongeza, wakamuuliza anamlisha nini mtoto huyu mzuri hivi. Pongezi hizo ziliisha nilipofika umri wa kukimbia. Hapo unene uliokuwa baraka ukageuka tabia mbaya, na tabia mbaya kwetu Makorora ilikuwa na dawa moja tu.

Shuleni nako sikupumzika. Waliniita Pipa. Mwalimu wa michezo aliniamuru nizunguke uwanja peke yangu huku darasa zima likipiga makofi, na nikisimama kuvuta pumzi alinirushia kokoto miguuni. Wasichana walikuwa wakinifinya chini ya kwapa ili waone kama nyama itarudi. Siku moja mvulana mmoja alinipanda mgongoni, akasema mnamnunua bei gani punda huyu. Nilimng'ata sikio mpaka nikaonja damu yake. Nilichapwa na mwalimu, nikaja kuchapwa nyumbani, na wallahi sikuwahi kujuta. Hasira ile ndiyo kitu pekee nilichokula nikashiba.

Mama hakuwa na henzirani, alikuwa na kucha. Alinifinya masikio, akanifinya mashavu, akafunga kabati la chakula kwa kufuli na kuning'iniza ufunguo kwenye kamba ya kiunoni. Usidhani alinichukia. Baada ya baba kunichapa, yeye ndiye aliyenikanda kwa maji ya chumvi, akalia pamoja nami, kisha akaniambia kwa upole nipunguze kula. Nipunguze nini? Nilikuwa nikipewa nusu ya sahani ya kaka. Mwezi wa Ramadhani nilifunga tangu nina miaka saba, kaka akijificha chooni kunywa maji. Idi inafika, yeye mifupa inamtoka, mimi mashavu yako palepale.

Ikafika mahali nikawaamini. Nikawaza kwamba labda naamka nikiwa usingizini, naiba chakula, nakula, narudi kulala bila kujua. Nikawa najifunga mguu kwenye tendegu la kitanda kwa kanga kuukuu ya mama, ili nikiinuka nianguke niamke. Asubuhi kanga iko vilevile, fundo halijaguswa, na gauni linanibana. Mtoto anayejifunga kamba mwenyewe kama mbuzi ili asiwe mwizi, na wala si mwizi, hilo ndilo ninalowadai wote mpaka leo.

Sasa niseme kuhusu nailoni, kwa kuwa bila hiyo hadithi hii haieleweki.

Mwaka mmoja kabla sijazaliwa, baba alipata kazi ya kutunza stoo ya dawa za kilimo katika shamba moja la mkonge. Dawa zilikuja ndani ya maboksi, na kila boksi lilikuwa na nailoni nene ndani yake, ngumu, isiyochanika ovyo. Wenzake walizitupa. Baba alizikunja akaja nazo nyumbani, na mama akazipokea kama kapokea doti ya kanga. Alizifua kwa sabuni ya mche, akazianika kambani pamoja na nguo zetu, akazikunja na kuziweka chini ya godoro.

Kazi ya nailoni hizo ilikuwa wali. Mwanamke wa kwetu akipika wali wa nazi, tui likikaribia kukauka, anatandika nailoni juu ya wali wenyewe, anaibana pembeni iguse mchele, kisha anafunika sufuria. Mvuke haupati pa kutokea. Wali unaiva upesi, unakuwa laini, na mkaa unabaki. Wengine walitumia mifuko ya rambo, ile myepesi ya dukani, ambayo wakati mwingine iliyeyuka ikaacha rangi kwenye wali. Mama aliwacheka. Yake haikuyeyuka. Ilitoka na matone ya mafuta ya nazi, akaikung'uta juu ya sufuria yasipotee hata tone. Alipikia wali, alipikia makande, alipikia ndizi. Alipikia akiwa na mimba yangu, na miaka mingi baadaye akampikia mke wa kaka alipokuja kukaa kwetu na mimba yake. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, mtaa mzima ulihangaika na vifuniko visivyobana. Mama alikuwa na akiba chini ya godoro.

Mimi niliolewa Mwera, upande wa Pangani, na mwanamume mpole ambaye hajawahi kuniuliza nimekula nini. Mimba ilikawia. Ilipokuja hatimaye, presha ilikuwa juu, nikapelekwa kwa daktari mmoja wa kike, kijana, aliyenipima bila kunisimanga. Nilimzoea. Siku moja nikamwambia kwamba mimi ni mnene tangu utotoni na sijui ninakosea wapi. Hakuniambia nipunguze kula. Aliniuliza mama alikuwa akiishi wapi na akifanya nini nilipokuwa tumboni mwake. Katika kumweleza, nikafika kwenye stoo ya dawa, nikafika kwenye nailoni. Akaacha kuandika.

Alinieleza taratibu. Mwili, alisema, huendeshwa na homoni, ambazo ni kama wajumbe wanaopita kuviambia viungo wakati wa kukua, wakati wa kushiba, wakati wa kuweka mafuta. Baadhi ya plastiki na baadhi ya dawa za kuulia wadudu zina kemikali zinazojifanya wajumbe hao. Mtoto aliye tumboni ndiyo kwanza anajengwa, na akipokea ujumbe wa uongo wakati huo, huenda mwili wake ukajifunza mapema kutengeneza chembe nyingi za mafuta na kushikilia akiba hata pale chakula kinapokuwa kidogo. Moto hufanya plastiki iachie kemikali zaidi, na mafuta, kama yale ya tui, huzipokea vizuri.

Nilimuuliza kama ina maana sikuwa mlafi. Alisema hawezi kuapa kwa mtu mmoja mmoja. Kuna kurithi, kuna chakula chenyewe, kuna mambo mengi, na wataalamu bado wanachunguza. Huenda imechangia, alisema. Nilitoka pale nikiwa na furaha na hasira kwa pamoja, nikakaa kwenye benchi la nje. Nilipigwa utoto wangu wote kwa uhakika, na sasa ninatetewa kwa huenda.

Mila yetu ni kwamba mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama. Ikifika miezi saba, mwanamke anarudi kwao, anakandwa, anapikiwa, anazaa, anamaliza arobaini yake, ndipo anarudi kwa mumewe. Basi nikarudi Makorora na begi langu na maneno ya daktari.

Aliyenifungulia mlango alikuwa binti wa kaka. Kaka yuko Dar es Salaam, mama wa mtoto ameolewa kwingine, na mtoto akaachwa kwa bibi na babu. Nilikuwa sijamwona kwa muda mrefu. Alikuwa na miaka minane na mashavu yangu. Mikono ilikuwa yangu, mapaja yangu, hata namna ya kusimama ameviringa kanga mbele ya tumbo ilikuwa yangu. Akanishika mkono, akasema shikamoo shangazi, akainama kuchukua begi. Nyuma ya magoti yake kulikuwa na mistari miwili mitatu, mingine mipya, mingine imeanza kuwa myeusi. Sikuhitaji kuuliza imetoka wapi. Niliangalia juu ya mlango, nikaiona henzirani imechomekwa.

Nilimuuliza mama. Akasema babu yake anamnyoosha tu, mtoto ana mkono mrefu kwenye chakula. Nikauliza nani amemwona akiiba. Mama akanitazama kama ninayeuliza jua linatoka wapi, akasema si unamwona alivyo.

Mchana ule alinipikia wali wa nazi kunikaribisha, na nailoni ikatandikwa. Niliiona inavyofura kwa mvuke na kifuniko kinavyoisindika chini. Nikaenda nikaibandua kwa mkono mtupu, mvuke ukanichoma mpaka ngozi ya vidole ikavimba, nikaitupa kwenye majivu. Nikamwambia mama kwamba chakula kilichofunikwa kwa kitu kile sili, na mtoto wa kaka asile. Nilimweleza ya daktari. Alisikiliza huku akiipukuta majivu nailoni yake.

"Nimewapikia hivi nyote," akasema, "na mmekua. Hamkufa."

Tangu siku hiyo nilijipikia mwenyewe, nikifunika sufuria kwa mfuniko wake na kupanga makaa juu kama walivyofanya bibi zetu, nikampakulia na yule mtoto. Mama alinuna. Alisema mkaa wake unaisha kwa ujuaji wangu. Lakini kumwambia baba sikuthubutu, si kwa sababu ya kumwogopa kama zamani, ila kila nilipofungua mdomo niliona ile huenda inavyokaa mbele yake. Baba ni mtu wa ndiyo au hapana.

Na usidhani baba alikuwa mtu mbaya mtaani. Amestaafu, anasali jamaa msikitini, anatoa sadaka kila Ijumaa, akipita vijana wanainuka kumpisha. Nilipofika na tumbo langu alifurahi kweli, akawa ananiletea madafu kutoka sokoni na kuyafungua mwenyewe. Ningependa kusema mkono huo uliofungua madafu haukuwa ule ulionipiga. Ulikuwa uleule.

Siku jambo lenyewe lilipotokea, mama alikuwa amepika vibibi, vile vikate vya mchele na nazi, vya wageni wa baba, watu wa msikitini waliokuwa waje baada ya alasiri. Aliviweka chini ya kawa uani. Kisha jirani akapita kuomba chumvi, mama akampa na vibibi viwili vya watoto wake, kama tunavyopeana siku zote. Mimi nilikuwa nimelala chumbani, miguu imevimba. Nilisikia kawa inainuliwa. Nikasikia kimya. Sauti hiyo ya kimya niliijua, na nikaanza kuinuka kabla henzirani haijalia.

Nilipotoka, baba alikuwa amemshika mtoto mkono na anamzungusha. Vilevile. Mtoto hakulia kwa sauti, alikuwa anasema sikula babu, sikula babu, kila fimbo inaposhuka, mpaka maneno yakageuka pumzi tu. Damu ilikuwa imetoka nyuma ya goti. Mama alikuwa amesimama mlango wa jikoni, anasema jirani, nimempa jirani, lakini anasema chini chini, na baba hasikii au hataki kusikia. Nilijitia katikati na tumbo langu. Fimbo iliyofuata ilinipata mkononi, hapa, alama ipo.

"Si mlafi," nikamwambia. "Wala mimi sikuwa mlafi. Mwache."

Akasema nirudi ndani. Sikurudi. Nikayamwaga yote, kwa kelele, mbele ya ukuta wa majirani. Nikasema kuhusu stoo, dawa, nailoni, tui, mtoto anavyokuwa tumboni na mwili wake ukafundishwa kuweka mafuta kabla hajawahi kushika chakula kwa mkono wake. Sikusema huenda. Nililitema neno hilo likapotea. Nilisema ndivyo ilivyo, daktari kasema, mtoto hana kosa, aliharibiwa kwa chakula alichokula mama yake.

Baba alimwachia mtoto. Nilidhani nimeshinda. Nakumbuka kabisa nilivyofurahi, muda mfupi wa kumeza mate. Kisha akageuka kumtazama mama.

"Kumbe ni wewe," akasema.

Alimchapa mgongoni, mara moja, mama akajikunja. Alimchapa shingoni. Mama alipoinua mikono kujikinga, baba akatupa henzirani na kumpiga kofi la mdomo, mama akaanguka juu ya mkeka, kawa ikabiringika, vibibi vikatawanyika uani. Baba alimfuata chini. Miaka yote hii, alikuwa akisema, miaka yote unaniharibia watoto, unanitia aibu, na mimi nahangaika kuwanyoosha. Nikapiga kelele kwamba nailoni aliileta yeye. Wewe ndiye uliyeileta, baba, kwa mkono wako. Neno hilo halikumfikia. Lilikuwa kweli zaidi kuliko yote niliyosema, na halikumfikia.

Basi nikachukua mwiko wa ugali, ule mkubwa wa mti, nikampiga nao. Wa kwanza ulimpata begani. Akageuka, macho yamemtoka kwa mshangao, na wa pili nikampiga juu ya sikio, kwa nguvu zote za mtu aliyekula nusu sahani kwa miaka kumi na tano. Alianguka akagonga paji la uso kwenye pipa la maji. Damu ilimshuka mpaka ndevuni. Nilikuwa tayari kumpiga wa tatu. Mama ndiye aliyenishika mguu kutoka pale chini alipolala, akaning'ang'ania mpaka nikatupa mwiko.

Hapo ndipo mtaa ulipojaa. Siku zote nilizopigwa mimi, hakuna aliyevuka ukuta. Mtoto wa kaka alipopigwa, hakuna. Mama alipoanguka, hakuna. Baba kupigwa mara mbili, wanaume waliingia na viatu, wanawake wakashika vichwa, mtu akaenda kuita bajaji, na mmoja wa wageni wa msikitini akaniambia nimejitafutia laana nikiwa na roho mbili ndani ya mwili mmoja.

Jioni nilimkanda mama kwa maji ya chumvi kama alivyokuwa akinikanda mimi. Mgongo wake ulikuwa na mistari iliyofura, myekundu, na mdomo wa juu umepasuka. Hakulia. Nilimwambia sikukusudia hivi. Alisogeza kitambaa kilipokuwa kinamuuma.

"Huo ukweli wako, mwanangu," akasema, "haukupata mgongo mwingine ila wangu?"

Nilikuwa nimeubeba kutoka Mwera nikidhani ni ngao, nikampa baba, naye akaushika kwa upande wa makali. Nilimwonea mama huruma, na nikamkasirikia pia, kwa kuwa alikuwa amenyamaza utoto wangu wote, na nikajichukia kwa kuikumbuka hasira hiyo wakati nashika mgongo wake.

Baba alirudi na plasta kwenye paji, akatangaza kwamba hanipi radhi. Kwetu neno hilo si la mchezo. Mwanamke akielekea kuzaa bila radhi ya baba, wanaamini uchungu utamshika na hautamwachia, mtoto atakataa kutoka. Niliogopa, nasema wazi. Mtu anaweza kusikia maneno yote ya daktari na bado akaogopa radhi ya babake. Kina mama wa mtaa walikwenda na kurudi, wakasuluhisha, mpaka baba akakubali kikao. Nipige magoti, niombe, yeye atatia funda la maji mdomoni na kulitemea ndani ya bakuli, mimi ninywe, yaishe.

Nikapiga magoti uani, na tumbo lile. Bakuli lilikuwa mkononi mwake. Nikasema nimekupiga, baba, nimekosa, nisamehe. Hilo nilisema kwa moyo, maana kumpiga mzazi ni kumpiga mzazi. Wanawake wakaguna kwa kuridhika. Baba hakuinua bakuli.

"Aseme mbele yenu kwamba alikuwa mlafi," akasema. "Aseme na huyo mjukuu wangu ni mlafi. Ya daktari ni uongo. Akisema, nampa."

Mtu wa nyuma yangu alininong'oneza niseme tu, maneno hayavunji mfupa. Ilikuwa kweli, yasingenivunja. Nilikuwa nimeyasikia tangu utoto, ningeweza kuyasema mara mia na kwenda kulala. Lakini yule mtoto alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa gotini, ananitazama mdomo. Alikuwa anangoja kujua yeye ni nani. Nikamkumbuka mtoto mwingine na kanga yake imefungwa kwenye tendegu.

Nikasema sikuwa mlafi, na huyu si mlafi. Nikainuka kwa shida, hakuna aliyenipa mkono. Baba akanitazama, akainua bakuli, akayanywa maji yote yeye mwenyewe mpaka tone la mwisho, akalirudisha bakuli chini tupu.

Uchungu uliponijia, ulinijia vibaya. Ulinishika mchana, ukanishika usiku, ukanishika tena mchana, na mtoto hakushuka. Nilimtukana kila mtu aliyepita karibu na kitanda. Mwishowe walinipasua hospitalini. Daktari wa pale alisema mtoto alikaa vibaya, wanawake wa mtaa walisema radhi, na mimi nikiwa nimelala na tumbo lililoshonwa sikuwa na nguvu ya kubishana na yeyote. Mtoto ni wa kiume, mzima. Sijui atakuwa mnene au mwembamba. Nilijitahidi kwa niliyoyajua, na niliyajua mimba ikiwa imeshakwenda mbali.

Siku ya kuruhusiwa, mama alikuja hospitali amemshika yule binti mkono. Alikuwa amembebea nguo zake kwenye mfuko wa khaki, sare za shule na kijuzuu chake cha madrasa juu. Mdomo wa mama ulikuwa haujapona vizuri na kulikuwa na uvimbe mwingine mpya chini ya jicho. Akaniambia nisirudi Makorora kumaliza arobaini, niende zangu Mwera moja kwa moja, na huyu niende naye, ameshazungumza na kaka. Nikamwambia twende wote. Nyumba ipo, mume wangu hana neno. Nilimshika kanga. Akaitoa mikono yangu kidole kwa kidole.

"Nikiondoka nami, atakosa wa kumpiga," akasema, "atatoka kumtafuta. Atawafuata mpaka huko. Acha mimi nibaki."

Akambusu mjukuu wake kichwani, akaenda zake, anatembea taratibu kwa ajili ya mgongo. Nilimpigia kelele arudi, mshono ukaniuma mpaka nikakaa. Nampigia simu mara kwa mara. Hunijibu kwamba hajambo.

Binti yuko nasi. Anasoma, anacheka na mume wangu, anambeba mdogo wake. Bado ni mnene, huenda atakuwa mnene maisha yake yote, na hapa kwetu hilo si kesi. Wali tunapika pamoja, anajua kupanga makaa juu ya mfuniko kuliko mimi. Nimemwambia ale ashibe, nimemwambia mara nyingi, na ananiitikia ndiyo shangazi. Lakini mpaka leo nikiinua upawa kumpakulia, mkono wake mmoja hutangulia kukinga uso, halafu ndipo wa pili unaleta sahani.